Je, Wajua? Jengo Moja, Kujengwa Mara Mbili

Je, wajua kwamba jengo la Empire State la New York, lenye ghorofa 102, lilisimamishwa kwa siku 410 tu? Kazi ilianza Machi 17, 1930, na milango ikafunguliwa Mei 1, 1931. Kompyuta haikuwapo. Siri ilikuwa katika safari ya vifaa kutoka kiwandani hadi mkononi mwa fundi. Kila kipande cha chuma kilifika kikiwa kimeandikwa namba ya mahali pake, na kilipandishwa upesi, maana katikati ya Manhattan hapakuwa na uwanja wa kukirundika. Matofali yalikuwa milioni 10. Kwa desturi ya siku zile yangemwagwa barabarani, kisha vibarua wayasombe kwa matoroli. Wakandarasi, Starrett Brothers and Eken, walifanya vingine. Lori lilimwaga tofali kwenye mteremko ulioyapeleka hadi tangi kubwa chini ya jengo. Kutoka hapo yalijaa kwenye vigari, vigari vikapandishwa juu, na kila ghorofa ilitandikwa reli ndogo ya kuvipitisha. Mwashi alinyoosha mkono akakuta tofali. Hata chakula cha mchana kiliuzwa huko huko juu, ili mtu asipoteze muda wake wa kula akishuka na kupanda.

Kuna wiki ambazo fremu ya chuma ilipanda ghorofa nne na nusu. Hesabu rasmi inasema pia kwamba wafanyakazi watano walifariki, na kasi hiyo haifai kusimuliwa bila vifo hivyo kutajwa.

Miaka mingi baadaye, mambo mawili yaliyokua kila moja mbali na lingine yamekutana kwenye saiti. La kwanza ni ujenzi usio na upotevu, ambao mizizi yake iko Japani. La pili ni modeli ya kidijitali ya jengo, ile ambayo wahandisi wengi huiita BIM, inayowezesha jengo kujengwa lote ndani ya kompyuta kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Kila moja lina hadithi yake, lakini utamu umo pale yanapoungana.

Je, wajua kwamba elimu ya kuondoa upotevu kwenye ujenzi ilitokana na kiwanda cha magari? Katika Toyota, mhandisi Taiichi Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha vitu bila sababu, kukifanyia kitu kazi kisichoihitaji, kulaza mali ghalani, kuhangaika huku na huko, na kutoa kitu chenye kasoro. Ohno alivutiwa na supamaketi za Marekani, nchi aliyoizuru mwaka 1956: mteja huchukua anachohitaji, na rafu hujazwa kwa kadiri ya kilichochukuliwa. Utaratibu huo akauingiza kiwandani, kila kituo kikawa kinatengeneza kile tu ambacho kituo kinachofuata kimekiomba. Msimamizi wa saiti yoyote ya Kariakoo au Eastleigh akiisoma orodha ile ya mambo saba atadhani Ohno alishinda naye kutwa nzima.

Aliyeupeleka mjadala huo kwa wajenzi ni Lauri Koskela, mtafiti kutoka Finland. Akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1992, aliandika ripoti iliyosema kwamba wajenzi wamezoea kuiona kazi kama mageuzi tu: saruji, mchanga na kokoto vinageuka zege, zege na nondo vinageuka nguzo. Yanayotokea katikati, yaani kungoja, kubeba, kukagua na kurudia, hayaandikwi kwenye makadirio ingawa yanalipiwa kila siku. Mwaka uliofuata watafiti wachache walikutana Espoo, Finland, wakaanzisha kundi la kimataifa la elimu hii ambalo hukutana hadi leo.

Mwaka 2004 Koskela akaongeza upotevu wa nane, na kwa maoni yangu huo ndio unaotula zaidi: kuanza kazi kabla mahitaji yake hayajatimia. Nondo zimefika, waya wa kufungia haujafika. Mchoro wa ngazi una swali ambalo mhandisi hajalijibu. Lakini mafundi wameshakuja na posho yao inahesabika, basi na waanze. Wanaanza, wanabahatisha, na baada ya siku chache mtu anashika tindo na nyundo kutindua zege ambalo halikuwa na ubaya wowote, ila lilimwagwa mapema. Mwenye nyumba aliyepita siku ile ya kwanza alifurahi kuona watu wako kazini. Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu upotevu wa namna hii unaonekana kama bidii. Fundi aliyekaa chini akisubiri jibu la mhandisi hugombezwa, naye aliyeanza kwa kukisia husifiwa.

Je, wajua kwamba kwenye saiti za kawaida mpango wa wiki hutimia nusu yake tu? Miaka ya 1990 Wamarekani Glenn Ballard na Greg Howell walipima miradi kadhaa, wakakuta kwamba, kwa wastani, kama asilimia 54 ya kazi zilizopangwa kwa wiki ndizo zilizokamilika kama ilivyoahidiwa. Iliyobaki iliangukia wiki iliyofuata na kuivuruga nayo.

Dawa ya Ballard ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Alisema mtu wa mwisho kupanga kazi, yule fundi kiongozi anayewaambia wenzake asubuhi nani afanye nini, ndiye aulizwe ahadi. Meneja mwenye ratiba ndefu ofisini ataje kinachotakiwa. Fundi kiongozi ataje kinachowezekana. Kabla ya kuahidi huangalia kama mchoro upo, vifaa vipo, kazi iliyotangulia imekwisha, na nafasi ya kusimama ipo. Kimoja kikikosekana ana haki ya kukataa, na kukataa kwake si ukaidi, ni taarifa. Mwisho wa wiki huhesabiwa kazi zilizotimia na zisizotimia, bila kusema hii imefika asilimia 90. Kazi imekwisha au haijaisha. Kwa kila iliyokwama huulizwa sababu, na sababu ikijirudia hutafutwa chanzo chake. Nimevutiwa sana na kipengele hicho cha haki ya kukataa. Katika ngazi za madaraka za saiti, fundi amezoea kujibu “sawa bosi” hata anapojua haiwezekani, na “sawa” hiyo ya uoga hugharimu fedha nyingi.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Wengi hudhani modeli za majengo ni jambo la juzi. Je, wajua kwamba wazo hilo limeshapita miaka 50? Mwaka 1975 Chuck Eastman, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, alichapisha maelezo ya mfumo ambamo jengo lingehifadhiwa kama kitu kizima na siyo kama rundo la michoro. Kwenye michoro ya karatasi, ukuta mmoja huchorwa mara nyingi: kwenye ramani ya ghorofa, kwenye mkato, kwenye sura ya mbele. Ukisogezwa kwenye mchoro mmoja na kusahauliwa kwenye mwingine, karatasi mbili zinaanza kubishana, na msuluhishi wake ni fundi aliye juu ya jukwaa. Ndani ya modeli ukuta ni mmoja tu. Ukisogezwa, dirisha lake linasogea nao, orodha ya madirisha inabadilika, hesabu ya tofali na plasta nayo inajirekebisha.

Mojawapo ya programu za kwanza za namna hiyo kuuzwa kwa wasanifu majengo ilizaliwa Hungaria, wakati huo ikiwa chini ya ukomunisti. Gábor Bojár, mwanafizikia, alianzisha kampuni ya Graphisoft mjini Budapest mwaka 1982, na kazi zake za mwanzo zilihusu kuunda modeli za mabomba ya kituo cha nyuklia cha Paks. Toleo la kwanza la ArchiCAD likatoka mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ya Apple Lisa, mashine ambayo nchi za Magharibi hazikuruhusu ivuke kwenda upande ule wa Ulaya. Mashine za namna hiyo zilivushwa kwa magendo.

Je, wajua kwamba mabomba na nyaya za hospitali zinaweza kufungwa zote bila hata bomba moja kugongana na jingine? Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hapa mambo yale mawili yanakutana waziwazi.

Mahali ni Mountain View, California, ambako ilijengwa kliniki kubwa ya kundi la madaktari la Camino, yenye eneo la futi za mraba 250,000, takribani mita za mraba 23,000. Jengo la tiba lina mambo mengi juu ya dari kuliko chini yake. Kuna mifereji mikubwa ya hewa, mabomba ya maji ya moto na ya baridi, maji taka yanayohitaji mteremko, gesi za hospitali, nyaya za umeme, nyaya za mawasiliano, mabomba ya kuzima moto. Kila kimoja kina mkandarasi wake mdogo. Kwa mtindo wa kawaida kila mkandarasi huchora chake ofisini kwake, na anayewahi kufika juu ya dari ndiye hupata njia nzuri. Wa mwisho hupindapinda, au huita kikao.

Camino walifanya vingine. Wachoraji wa wakandarasi wote waliwekwa chumba kimoja. Kila mmoja aliunda modeli ya kazi yake, kisha modeli zote zikawekwa moja juu ya nyingine na kompyuta ikaonyesha kila mahali vitu viwili vinapogombea nafasi. Hawakusubiri barua ya kiofisi, waligeuza viti wakakubaliana: wewe shuka kidogo, mimi nipite kushoto. Bomba lililokubaliwa namna hiyo linajulikana urefu wake kamili, kwa hiyo linaweza kukatwa na kuunganishwa karakanani, likaja saiti likiwa tayari, siku linapohitajika.

Atul Khanzode, Martin Fischer na Dean Reed walichapisha matokeo mwaka 2008. Mabomba ya maji yote yalitengenezwa karakanani. Migongano wakati wa kufunga: sifuri. Mkandarasi wa mifumo ya hewa alitumia chini ya asilimia 0.2 ya muda wake kurudia kazi. Wakandarasi wa mifumo hiyo waliokoa kati ya asilimia 20 na 30 ya nguvu kazi. Mradi mzima ulikadiriwa kuokoa miezi 6 na kama dola milioni 9. Na katika kufunga mifumo yote hiyo aliumia mtu mmoja tu kwa kumbukumbu zilizowekwa. Wawili kati ya waandishi hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya ujenzi iliyohusika, na msomaji anastahili kulijua hilo anapopima takwimu hizi. Mimi hiyo ya majeruhi ndiyo inayonigusa zaidi. Bomba likikatwa karakanani, juu ya meza, penye mwanga, anapungua mtu mmoja wa kusimama kileleni mwa ngazi akiwa na msumeno mkononi.

Utauliza, kipi kilileta faida, kompyuta au chumba? Je, wajua kwamba swali hilo limepangiwa jedwali zima? Mwaka 2010 Rafael Sacks wa Technion, Israel, pamoja na Koskela na wenzao wawili, waliweka kanuni za ujenzi usio na upotevu upande mmoja na uwezo wa modeli za kidijitali upande mwingine, wakatafuta mahali vinapogusana. Walipata makutano 56. Katika yote, isipokuwa manne, kimoja kilikuwa kinakipa kingine nguvu. Modeli inaonyesha mapema kasoro ambayo fundi angeigundua kwa nyundo, na utaratibu wa ahadi za wiki unahakikisha kuna mtu atakayeishughulikia kasoro hiyo kabla ya Jumatatu.

Yale manne hayapaswi kudharauliwa. Programu inayorahisisha kutoa mchoro inarahisisha pia kutoa michoro isiyohitajika na mtu, na mapendekezo ambayo hakuna atakayeyachagua. Hiyo ni mali iliyolala ghalani, isipokuwa ghala lenyewe ni diski. Kampuni inayonunua programu ghali na kuwaacha mafundi wake wakisubiri majibu kama zamani imepata picha nzuri za upotevu wake.

Hata namba sahihi hazitoshi kama watu hawakukubaliana mwanzo wa kuhesabu. Mwaka 2003 Ujerumani na Uswisi zilikuwa zinajenga daraja juu ya mto Rhine huko Laufenburg, kila nchi ikianzia upande wake. Ujerumani hupima kimo kwa usawa wa Bahari ya Kaskazini, Uswisi kwa usawa wa Mediterania, na tofauti ni sentimita 27. Wahandisi waliijua tofauti hiyo. Ila katika kusahihisha, palipotakiwa kutoa pakajumlishwa, na pande mbili za daraja zikakutwa zimepishana kimo kwa sentimita 54.

Je, wajua programu zisizoelewana zinagharimu kiasi gani? Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikadiria kwenye ripoti ya mwaka 2004 kwamba kutoelewana kwa mifumo ya kompyuta kulizigharimu shughuli za majengo makubwa nchini humo dola bilioni 15.8 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hasara iliwaangukia wenye majengo, wakati wa kuyaendesha na kuyakarabati. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa IFC, muundo wa faili ulio wazi kwa kila mtu, uliofanywa kiwango kamili cha kimataifa mwaka 2013. Kwa ofisi ndogo za wasanifu wa Mwanza au Kisumu zisizomudu programu zinazotumiwa na kampuni kubwa, uwazi huo unaweza kuamua kama zitaingia kwenye mradi au zitabaki nje.

Na je, wajua kwamba pwani yetu iliwahi kusanifu nyumba kwa kuanzia kwenye kifaa kilichopo? Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 au chini ya hapo. Upana huo ulipangwa na boriti ya mikoko, kwa sababu ndiyo iliyobeba dari na sakafu ya juu. Boriti hizo ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikiwa zimepangwa kwa unene, na majahazi yalizipeleka hadi Omani, Bahrain na Kuwait, ambako nazo zilipanga upana wa vyumba. Mwashi wa Lamu hakuhitaji kumuuliza msanifu nafasi kati ya kuta mbili iwe kiasi gani. Leo wataalamu wa ujenzi usio na upotevu wanahimiza jambo la aina hiyo: muulize anayetengeneza kifaa kabla hujachora, ili mchoro usidai kipimo ambacho hakuna kiwanda kinachokitoa.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ulilijaribu hilo kwa ukubwa wa kutisha. Jengo la abiria namba 5 liligharimu pauni bilioni 4.3. Saiti ilibanwa kati ya njia mbili za kurukia ndege, nafasi ya kuhifadhi vifaa ilikuwa finyu, na kreni hazikuruhusiwa kwenda juu zitakavyo kwa sababu ya ndege na rada. Vifaa vilipokelewa kwanza kwenye vituo vya nje, vikaingizwa kwa zamu kadiri vilivyohitajika. Nondo za zege ziliundwa kwanza kwenye kompyuta, zikasukwa mbali na saiti. Paa, lenye upana wa mita 156, lilifanyiwa mazoezi: kipande chake kilijengwa kwanza Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ili makosa yajulikane huko mashambani na siyo Heathrow. Mwenye mradi, BAA, aliamua kubeba hatari zote mwenyewe, ili wakandarasi wasipoteze muda wakitupiana lawama.

Hata hivyo, jengo lilipofunguliwa Machi 27, 2008, mizigo ilikwama, na mamia ya safari za ndege yakafutwa katika siku zilizofuata. Mkuu wa British Airways, Willie Walsh, aliwaeleza wabunge kwamba majaribio yalipunguzwa kwa sababu ujenzi ulichelewa kukamilika. Wafanyakazi waliingia kwenye jengo wasilolizoea, wengine wakitafuta hata mahali pa kuegesha magari yao.

Kwetu, kwenye kazi nyingi za zabuni, mkandarasi huingia wakati ramani zimeshagongwa mihuri, na fundi bomba huingia wakati zege limeshakauka. Anayejua bomba halitapita pale huulizwa mwisho. Kwa hiyo nalitazama kwa hamu kubwa jambo walilofanya Castro Valley, California, karibu na ufa wa Hayward unaotikisa ardhi ya eneo lile. Tetemeko la Northridge la mwaka 1994 lilifanya jimbo hilo litunge sheria ya kuzilazimisha hospitali ziwe imara zaidi, na kundi la hospitali la Sutter Health likalazimika kujenga upya hospitali ya Eden. Kampuni 11, akiwemo mwenye jengo, msanifu, mkandarasi mkuu na wakandarasi wadogo, zilitia saini mkataba mmoja. Kabla ya kuchora ukuta wowote walichora safari ya kazi yenyewe: nani anamngoja nani, kwa jibu gani. Faida zao waliziweka kwenye fungu moja. Mabomba yakigongana na nyaya, hasara inawagusa wote, hata yule aliyechora vizuri. Hospitali, iliyopangiwa dola milioni 320, ilifunguliwa mwaka 2012, kabla ya tarehe ya mwisho iliyowekwa na sheria.